Straika katolewa kwa mkopo nje: maneno ya kijiweni na maneno ya mkataba

Septemba 25, 2020 Fenerbahçe walipomtangaza Mbwana Samatta kutoka Aston Villa, kijiweni lilidakwa neno moja tu: mkopo. Kuna waliosema kijana katemwa. Kuna waliosema anakwenda Istanbul kurudisha makali, Januari atakuwa amerudi Birmingham. Pande zote mbili zilikuwa zimesoma neno na kuruka kipengele. Makubaliano yalikuwa ya mkopo wa msimu mmoja ambao ukiisha unageuka usajili wa jumla, na mkataba wa miaka 4 unaanza hapo. Kwa maneno mengine, Samatta alikuwa ameshauzwa siku ile ile. Hakukuwa na Januari ya kusubiri.

Mambo kama hayo hurudi kila dirisha la usajili, hasa anayeondoka akiwa mshambuliaji wa akiba. Beki wa akiba akienda mkopo hakuna anayeuliza. Straika ana mabao ya kuhesabiwa, kwa hiyo kila mtu ana hukumu yake.

"Mkopo ni kutemwa kwa heshima"

Mkopo una sura tatu, na kila moja inasomwa tofauti. Wa kwanza ni mkopo mtupu: muda ukiisha mchezaji anarudi. Wa pili una kipengele cha hiari ya kununua: klabu inayoazima ikitaka inalipa bei iliyokwisha kuandikwa, isipotaka inamrudisha. Wa tatu una sharti la kununua, ama moja kwa moja kama wa Samatta, ama jambo fulani likitimia. Kylian Mbappé alipotoka Monaco kwenda PSG Agosti 31, 2017 alikwenda kwa mkopo pia, na bei ya kumnunua iliyoripotiwa ilikuwa Euro milioni 180. Hakuna aliyesema Monaco wamemtema.

Kwa nini waite mkopo kitu ambacho ni mauzo? Sababu kubwa ni kalenda ya pesa. Ada ya usajili ikisogezwa msimu unaofuata, mnunuzi anapumua kwenye hesabu za mwaka huu, na muuzaji anapunguza mshahara sasa hivi badala ya kungoja mteja mwenye fedha taslimu. Kwa hiyo taarifa ya klabu ikitoka, tafuta sentensi ya pili. Ya kwanza itasema "kwa mkopo hadi mwisho wa msimu". Ya pili ikitaja hiari au sharti la kununua, hapo ndipo habari yenyewe ilipo. Isipotaja lolote, basi hapo kweli jadili kama kocha bado anamtaka.

Samatta mwenyewe alikuwa na takwimu zinazoeleza: mabao 2 tangu atue Villa Januari 2020, moja dhidi ya Bournemouth kwenye ligi na lingine fainali ya Kombe la Ligi dhidi ya Manchester City, Machi 1. Kisha ligi ikasimama kwa corona. Iliporudi hakufunga tena, Villa wakanusurika kushuka siku ya mwisho, na Septemba wakamnunua Ollie Watkins kutoka Brentford. Namba 9 mpya akishanunuliwa kwa bei kubwa, wa zamani anakuwa chaguo la pili bila kocha kutamka neno.

"Akianza kufunga, Januari wanamrudisha"

Hii ndiyo inayopendwa kuliko zote, na ndiyo yenye vikwazo vingi zaidi.

Kwanza, mkataba wa mkopo lazima uwe na kipengele cha kumwita arudi kabla ya muda. Kisipokuwepo, klabu mama haina haki ya kumchukua, hata kama washambuliaji wake wote wamevunjika miguu. Inabidi iombe, na anayeombwa ana haki ya kukataa au kudai fidia. Pili, kwa kanuni za FIFA zilizoanza Julai 1, 2022, mkopo wa kimataifa haupungui muda wa kati ya dirisha moja na jingine, hauzidi mwaka mmoja, na tarehe yake ya mwisho lazima iangukie ndani ya dirisha la usajili la nchi anakorudi. Kumrudisha Novemba kwa sababu kafunga hat-triki hakupo. Tatu, mchezaji anaweza kusajiliwa na klabu tatu kwa msimu mmoja, lakini mechi rasmi anacheza kwa klabu mbili tu, ukiacha hali chache za misimu ya nchi kupishana.

Mfano mzuri ni Wout Weghorst. Burnley waliposhuka daraja 2022 walimpeleka Beşiktaş kwa mkopo. Akawa anafunga. Januari 2023 Manchester United wakamtaka, nao kwa mkopo. Burnley hawakuweza kumchomoa tu Uturuki na kumkabidhi Manchester; ilibidi Beşiktaş wakubali kuvunja mkopo, na walikubali baada ya kulipwa fidia. Mashabiki wa Istanbul walijua mambo yamekwisha alipofunga dhidi ya Kasımpaşa kisha akawapungia mkono wa kwaheri huku mazungumzo bado yanaendelea. Angalia na kanuni ya klabu mbili: aliondoka Burnley kabla msimu haujaanza, kwa hiyo Beşiktaş ikawa ya kwanza na United ya pili. Angekuwa ameichezea Burnley mechi moja tu rasmi Agosti ile, United wangekuwa wa tatu na biashara ingekwama.

Jambo jingine: klabu iliyoazima haiwezi kumwazima mchezaji huyo kwa klabu ya tatu. FIFA wamelikataza hilo. Akionekana hafai, njia ni kuvunja mkopo na kumrudisha kwao, kisha wenyewe waamue.

"Wamekubaliana, basi imekwisha"

Kukubaliana bei ni nusu ya kazi. Uhamisho wa nchi kwa nchi unapita kwenye TMS, mfumo wa FIFA ambao umekuwa wa lazima tangu Oktoba 2010. Klabu zote mbili zinaingiza taarifa zake, kila moja upande wake: aina ya uhamisho, tarehe ya kuanza na kuisha, ada, vipengele. Taarifa zikipishana hata kwa tarehe, mfumo unagoma hadi zirekebishwe. Kisha zinapakiwa nyaraka: mkataba wa mkopo wenye saini za pande husika, mkataba wa kazi na klabu mpya, kitambulisho. Ndipo chama cha soka cha nchi anakokwenda kinaomba ITC, yaani cheti cha uhamisho wa kimataifa, kutoka chama cha nchi anakotoka. Bila ITC hachezi. Na ombi hilo lazima lifanyike kabla dirisha la nchi anakokwenda halijafungwa. Dirisha la kule anakotoka kufungwa hakumzuii kuondoka.

Penye kuharibika ni dakika za mwisho. Januari 31, 2023 Hakim Ziyech alikuwa Paris tayari, Chelsea na PSG wamekubaliana mkopo, kilichobaki ni karatasi. Nyaraka sahihi zilichelewa kufika, PSG wakakata rufaa kwa mamlaka ya ligi ya Ufaransa, wakakataliwa. Ziyech akarudi London kwa kocha aliyekuwa ameshamruhusu kuondoka. Mashabiki walitafuta njama. Ilikuwa ni saa tu.

Na kijiweni watu husahau kwamba mchezaji naye ana saini. Klabu haiwezi kumtupa nchi yoyote inayotaka; asiposaini hakuna mkopo, na hata kuurefusha kunahitaji ridhaa yake ya maandishi.

"Klabu iliyomchukua ndiyo inalipa kila kitu"

Mara nyingi mshahara unagawanywa, na mgawanyo huo ndio unaokesha mezani. Tuchukue hesabu ya mfano. Straika alinunuliwa Euro milioni 10 kwa mkataba wa miaka 4. Mhasibu anaigawa ada hiyo: milioni 2.5 kila mwaka. Amekaa mwaka mmoja akisugua benchi, kwa hiyo thamani yake vitabuni imebaki milioni 7.5. Analipwa Euro 50,000 kwa wiki, sawa na milioni 2.6 kwa mwaka.

Ukimuuza leo kwa milioni 5, vitabu vinaonyesha hasara ya milioni 2.5. Ukimtoa kwa mkopo, klabu inayoazima ikabeba asilimia 60 ya mshahara (milioni 1.56) na kutoa ada ya mkopo ya 500,000, wewe unabaki na mshahara wa milioni 1.04. Toa ile ada, umetoa mfukoni Euro 540,000 badala ya milioni 2.6. Mwaka ukiisha, thamani vitabuni imeshuka hadi milioni 5. Sasa ukimuuza kwa hiyo milioni 5 iliyokuwa hasara mwaka jana, hakuna hasara inayoandikwa.

Ndiyo maana shabiki anayepiga kelele "kwa nini wasimuuze tu!" huwa anajibiwa na mhasibu kabla ya kocha. Upande wa pili wa shilingi ni kwamba straika mwenye mshahara mkubwa anaweza kukwama kwa sababu hiyo hiyo: timu inayomtaka inaweza kubeba robo tu, na klabu yake haitaki kumlipa mtu afunge mabao ya wengine.

"Hataruhusiwa kucheza dhidi ya waajiri wake"

Ndani ya Ligi Kuu England ni kweli, mchezaji wa mkopo hakutani na klabu mama. Ulaya ni habari nyingine. Aprili 2014 Chelsea na Atlético Madrid walipangwa nusu fainali ya Ligi ya Mabingwa huku kipa wa Atlético, Thibaut Courtois, akiwa mali ya Chelsea. Kulikuwa na kipengele cha Atlético kulipa mamilioni ili wamtumie. UEFA wakasema kipengele cha namna hiyo hakina nguvu kwao. Courtois akadaka, Atlético wakashinda 3-1 Stamford Bridge na kutinga fainali.

Lakini kwa washambuliaji, mkopo wa kusimuliwa ni wa Fernando Morientes. Ronaldo alipotua Real Madrid 2002, Morientes akawa wa benchi, na 2003 akaenda Monaco kwa mkopo. Robo fainali ya Ligi ya Mabingwa wakakutana na Madrid. Bernabéu Monaco walifungwa 4-2, Morientes akapata moja. Nyumbani Monaco walishinda 3-1, Morientes akapata jingine, na jumla ikawa 5-5 na Madrid wakatolewa kwa mabao ya ugenini, mshahara wa mfungaji ukitoka kwenye mkataba wao wenyewe. Alimaliza kinara wa mabao wa mashindano akiwa na 9. Alirudi Madrid akakuta wamemsajili Michael Owen, na Januari 2005 akaenda Liverpool. Mkopo ulimpandisha thamani, haukumrudishia nafasi.

"Mabao machache, mkopo umefeli"

Michael Olunga alikwenda Girona msimu wa 2017/18 kwa mkopo akitokea China. Mabao yake ya La Liga ni 3, yote katika mechi moja: Januari 13, 2018 dhidi ya Las Palmas, ushindi wa 6-0. Ukisoma jumla peke yake utasema kafeli. Baadaye mwaka huo huo akasajiliwa Kashiwa Reysol ya Japani, na 2020 akamaliza mfungaji bora wa J1, ligi kuu ya nchi hiyo, kwa mabao 28 pamoja na tuzo ya mchezaji bora. Anayetaka kupima mkopo wa straika agawe dakika kwa mabao, kisha aangalie alianza mechi ngapi na timu ilikuwa nafasi gani. Mabao 5 kwa dakika 700 ni bao kila dakika 140. Mabao 8 kwa dakika 2,400 ni bao kila dakika 300. Wa pili ndiye anayesifiwa kijiweni.

Divock Origi, mtoto wa Mike Okoth wa Harambee Stars, ni kisa kingine. Liverpool walimpeleka Wolfsburg 2017/18, timu ikamaliza ya 16 na kuponea mchujo wa kushuka, naye hakung'ara. Akarudi Anfield akiwa mtu wa kuuzwa. Hakuuzwa. Desemba 2018 akaifunga Everton dakika ya 96, Mei 7, 2019 akaifunga Barcelona mawili katika 4-0, Juni 1 akafunga bao la pili la fainali ya Ligi ya Mabingwa dhidi ya Tottenham. Mkopo ule haukumfundisha kuifunga Barcelona, tusidanganyane. Ulichofanya ni kumwacha kwenye vitabu vya Liverpool hadi alipohitajika.

"Klabu kubwa inaazimisha wachezaji itakavyo"

Ilikuwa hivyo zamani. Tangu Julai 2024 kikomo ni wachezaji 6 wanaotolewa na 6 wanaopokelewa kwa mikopo ya kimataifa, na wasiozidi 3 kati ya klabu mbili zilezile. Wenye miaka 21 kushuka chini na waliolelewa na klabu yenyewe hawahesabiwi. Straika wa miaka 27 anahesabiwa, kwa hiyo anagombea nafasi na wenzake watano.

"Mkopo hauna faida kwa klabu iliyomlea"

Una faida, kama kuna ada ya mkopo. Mchango wa mshikamano, yaani asilimia 5 inayogawiwa klabu zilizomlea mchezaji, unakatwa kwenye ada ya mkopo kama unavyokatwa kwenye ada ya mauzo. Kila msimu mchezaji akiwa na umri wa miaka 12 hadi 15 una asilimia 0.25, na kila msimu wa miaka 16 hadi 23 una asilimia 0.5. Ada ikiwa Euro milioni 1, klabu ya Dar es Salaam au Lubumbashi iliyokaa naye misimu 3 akiwa na miaka 16, 17 na 18 ina haki ya asilimia 1.5, yaani Euro 15,000. Mkopo wa bure hauna kitu cha kukata.

Tangu Novemba 2022 malipo haya yanapitia FIFA Clearing House, chombo cha FIFA cha kugawa malipo hayo, kwa kutumia pasipoti ya mchezaji inayotengenezwa kutoka kumbukumbu za vyama vya soka. Hapo ndipo klabu nyingi hukwama. Kama chama hakina tarehe ya kumsajili na tarehe ya kumwachia, msimu huo hauonekani. Na klabu ikichelewa kupeleka vielelezo vyake pasipoti inapohakikiwa, kadi ya usajili ya 2009 iliyobaki kabatini haimletei mtu senti.