"Sista, punguza basi, hii si kazi ya Mungu?"

Misa ya pili imekwisha, watu wanamiminika nje, na chini ya mwembe kuna meza iliyotandikwa kitambaa cha buluu. Juu yake zimepangwa kalenda za liturujia, rozari, vijitabu vya novena na Biblia za jalada gumu. Baba mmoja ameinua Biblia, anaigeuzageuza, anauliza bei. Kutajiwa tu akashtuka: "Sista, punguza basi. Kwani hii si kazi ya Mungu?"

Sista akacheka. "Ni kazi ya Mungu, baba. Lakini karatasi ni ya kiwandani."

Nilikuwa nyuma yake nikingoja zamu yangu, na nilicheka pia. Ila nikikumbuka, hata mimi niliwahi kuwaona masista wa vitabu, wa redio na wa kamera kama watawa waliopotea njia kidogo, waliotakiwa kuwa kwenye zahanati au shule ya chekechea. Dhana za namna hiyo ziko nyingi, na nyingine tunazirithi bila kuzikagua.

"Masista wa siku hizi wamekuwa wa kisasa mno"

Watu husema hivi wakimwona sista ameshika simu anarekodi tafakari. Kana kwamba jambo hili limekuja na vifurushi vya intaneti.

Turudi Alba, mji mdogo kaskazini mwa Italia, tarehe 20 Agosti 1914. Vita Kuu ya Kwanza imeanza wiki chache tu zilizopita, na siku hiyohiyo Papa Pius wa Kumi anafariki. Padre Yakobo Alberione, mwenye umri wa miaka 30, anafungua shule ya uchapaji kwa vijana wachache mno. Hapo ndipo lilipozaliwa Shirika la Mtakatifu Paulo. Mwaka uliofuata, Juni 1915, akaanzisha kundi la wasichana, na mwanzo wao haukufanana kabisa na habari za magazeti: walikuwa na cherehani, wakishona nguo za wanajeshi. Mmoja wao, Teresa Merlo, alikuwa fundi cherehani hasa. Baadaye alichukua jina la Tekla na kuwa mama mkuu wa kwanza wa shirika la wasichana hao.

Desemba 1918 wasichana hao walihamia mji wa Susa kuchapa gazeti la jimbo, La Valsusa. Hebu fikiria: wasichana wa vijijini, wengi hawajawahi kuona mtambo wa kuchapa, wanapanga herufi za madini ya risasi moja moja, vidole vyeusi kwa wino. Walifungua pia kiduka cha vitabu na kuweka humo picha ya Mtakatifu Paulo. Watu wa mji hawakujua wawaiteje, wakaanza kuwaita mabinti wa Mtakatifu Paulo. Jina likabaki. Ndio hawa tunaowajua Nairobi, Kampala na Dar es Salaam kwa maduka ya Paulines.

Wala hawakuwa peke yao. Nyeri, wamisionari wa Consolata walikuwa tayari wanachapa gazeti la Kikikuyu, Wathiomo Mukinyu, tangu 1916. Huko Poland, Maksimiliani Kolbe, Mfransisko, alianza jarida lake mwaka 1922 akiwa hana pesa. Mwaka 1927 akajenga Niepokalanów, kijiji kizima cha watawa na mitambo ya uchapaji, na kufikia mwishoni mwa miaka ya 1930 jarida lilikuwa linatoka kwa malaki ya nakala. Desemba 1938 wakarusha redio yao. Vita vilipoingia mwaka uliofuata kazi ilivunjwa, na Kolbe akafia Auschwitz, kambi ya mateso ya Wanazi, tarehe 14 Agosti 1941. Huyo tunamkumbuka kwa kifo chake, kwa kujitolea kufa badala ya baba wa familia. Ila hata mhubiri anayemtaja kila mwaka mara nyingi husahau kwamba alikuwa mhariri.

"Sista anayeuza ni mfanyabiashara"

Hapa ndipo yule baba wa chini ya mwembe alipokwama. Tumezoea kwamba kitu cha Kanisa ama ni sadaka ama ni bure. Lakini kitabu kina mwandishi, mhariri, mchapaji, lori na kodi ya forodha. Sista ameweka nadhiri ya ufukara: kinachoingia ni cha jumuiya, naye hana mshahara wa kupeleka benki kwa jina lake. Faida ikipatikana inachapa kitabu kinachofuata, mara nyingi kile kisichouzika haraka.

Alberione alikuwa na lugha yake kuhusu hili. Aliwafundisha watawa wake kwamba duka la vitabu ni hekalu, anayehudumia ni mhubiri, na meza ya kuuzia ni mimbari ya ukweli. Mtu anaweza kusema ni maneno matamu ya kuhalalisha biashara. Nami ningesema hivyo kama nisingewahi kukaa pembeni nusu saa na kusikiliza. Anaingia mama anauliza kitabu cha sala, na kabla hajalipa amekwisha kueleza kwamba mumewe ameondoka nyumbani. Sista anatoka nyuma ya meza na wanakaa kwenye benchi. Hakuna kilichouzwa kwa dakika ishirini, na foleni inasubiri.

Si kwamba bei hazilalamikiwi kwa haki. Biblia ni ghali kwa mkulima, huo ndio ukweli. Tatizo hilo linatatuliwa na parokia zinazochangia na wafadhili. Kumbana sista katika meza yake hakusaidii.

"Kazi hizo zinawanyima muda wa kusali"

Ratiba ya Wapaulo, yaani watawa wa Alberione, ina saa nzima ya kuabudu Ekaristi kila siku, mbali na Misa na Masifu. Alberione aliwapa mfano wa mkokoteni wa magurudumu manne: sala, masomo, utume na ufukara. Gurudumu moja likitoka, mkokoteni hauendi, hata punda awe na nguvu namna gani.

Mfano mkali zaidi uko Marekani. Mama Angelica alikuwa Mklara, mtawa wa ndani, wa shirika ambalo kazi yake ni kuabudu Ekaristi nyuma ya ukuta. Tarehe 15 Agosti 1981 alianzisha televisheni ya EWTN katika gereji ya monasteri yao, Irondale, Alabama. Wapo waliompenda na wapo waliosema alikuwa mkali kupita kiasi, na mabishano hayo hayajaisha. Ila hakuna aliyeweza kusema alihama konventi ili awe mtangazaji.

"Kila sista mwenye simu anahubiri anavyotaka"

Hapana. Sheria ya Kanisa ya 1983, kanuni ya 832, inamtaka mtawa apate ruhusa ya mkubwa wake mkuu kabla ya kuchapisha maandishi ya dini au maadili. Lakini nisiwe mkweli nusu: wapo wanaotafuta wafuasi kuliko wanavyotafuta roho, na nadhiri haimwondolei mtu hamu ya kupigiwa makofi. Hilo ni kosa la mtu, nalo lilikuwepo hata enzi za mimbari za mbao.

"Nimeshafuatilia Misa redioni, inatosha"

Kwa mgonjwa asiyeweza kutoka, ni faraja kubwa. Kwa mzima aliyekaa sebuleni na chai, mambo ni tofauti. Hati ya Vatikani ya mwaka 2002 kuhusu Kanisa na intaneti ilisema waziwazi kwamba hakuna sakramenti kwenye intaneti. Na wanaorusha matangazo haya ndio wa kwanza kukuambia uende kanisani.

"Redio ya watawa ni rozari kutwa"

Alberione alikuwa akisisitiza kwamba kazi yao haikuwa kusema dini tu, bali kusema kila kitu kwa namna ya Kikristo: malezi, siasa, kilimo, michezo. Kwetu mfano ulio karibu ni Ngara, mkoani Kagera.

Mwishoni mwa Aprili 1994, ndani ya siku moja hivi, wakimbizi wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda. Walikuwa wamekimbia nchi ambako redio ilikuwa imetumika kutaja majina ya watu na kuhimiza wauawe. Kwa wengi wao, sauti inayotoka kwenye kisanduku ilikuwa sauti ya panga. Mwaka uliofuata, Shirika la Wajesuiti la Kuhudumia Wakimbizi likafungua kituo cha redio palepale Ngara, kwa wakimbizi na kwa wenyeji waliowapokea, kikizungumza nao kwa Kiswahili, Kirundi na Kinyarwanda. Wajesuiti hawakukipa jina la mtakatifu. Wakakiita Kwizera, neno ambalo Mrundi na Mnyarwanda wote wanalijua: tumaini.