Mgongo kuuma kazini: maneno ya kijiweni na ukweli wenyewe

"Mgongo unakuuma? Vaa mkanda." Hii ndo naisikia kila siku kwa vijana wanaoshusha simenti hapa mtaani, ile mikanda mipana myeusi. NIOSH, taasisi ya Marekani ya utafiti wa afya kazini, ilishasema tangu 1994 kwamba hakuna ushahidi wa kutosha kuwa mkanda unamkinga mtu ambaye hajaumia. Tena ukishaufunga unajiona chuma, unabeba zaidi.

Alafu kuna hii: "mzigo wa kawaida tu, yeye ndo legelege". Hapa ndo tunapokosea kabisa, maana kilo peke yake haisemi kitu. Hesabu ya haohao NIOSH ya uzito wa juu wa kuinua kwa usalama inaanzia kilo 23 kisha inashuka, na hizo 23 ni pale kila kitu kiko sawa, mzigo umeubana mwilini, umeuchukua usawa wa mapaja, hujapinda kiuno na hurudiirudii. Ukiushika sentimita 50 mbele yako badala ya 25, zile 23 zinashuka mpaka 11 na nusu. Sasa angalia mfuko wa simenti, kilo 50, uko sakafuni, dogo anauinua, miguu imeganda palepale kiuno ndo kinageuka, anampa mwenzie, anarudia mpaka gari linakwisha. Legelege hapo nani?

Na lumbesa, yale magunia yaliyojazwa kupita kiasi, je? Watu wanasema sheria ya vipimo Tanzania imeweka mwisho kilo 100 kwa gunia kwahiyo 100 ni salama. Wapi! Ile ni ya kumkinga mkulima asipunjwe, mgongo wa kuli haumo. Pendekezo la ILO, Shirika la Kazi Duniani, la 1967 kwa mwanaume mzima ni kilo 55.

"Sie tunaokaa hatuna shida." Muulize fundi cherehani shingo yake jioni. Anainama kutwa anafuata sindano, mara nyingi kwa sababu meza imelala flati na taa iko nyuma yake. Vipande vya mbao chini ya miguu ya nyuma ya meza, kitambaa kinamwelekea, shingo inanyanyuka. Kiti cha laki tano hakihitajiki.

Ya mwisho, eti kukagua hatari ni mpaka aje mtaalamu na mashine. Mtaalamu akija sawa, ila hata RULA, kipimo cha mikao kilichotoka 1993, ni macho na karatasi tu. We chukua futi, rekodi video kwa simu ukiwa ubavuni mwa mtu, hesabu anainama mara ngapi kwa dakika, alafu muulize panauma wapi akifika nyumbani, usimuulize mbele ya bosi.

Pale kwenye simenti walipopima waliishia kupanga mapaleti matupu chini, mifuko ikaanzia juu ya magoti. Dogo mkanda bado anavaa, anasema unamkaa vizuri.