Kutangulia kwenye tange si kutimiza muda wa utumishi

Orodha ya waliopandishwa daraja ikitoka, lalamiko la kwanza katika ofisi za umma huwa hili: "Yule nimemtangulia kazini, imekuwaje apande kabla yangu?" Mtu ana haki ya kuuliza hivyo na anastahili jibu lililonyooka. Tatizo ni kwamba ndani ya lalamiko hilo mna mambo mawili, na mara nyingi hata maofisa utumishi huyajibu kama jambo moja.

La kwanza ni nafasi ya mtu kwenye tange, yaani orodha inayoonyesha nani yuko juu ya nani katika kada na daraja moja. Tange inaweza kupangwa kwa tarehe ya kuajiriwa, kwa tarehe ya kuingia daraja la sasa, au kwa alama za usaili. La pili ni muda wa utumishi: miaka ambayo kanuni inamtaka mtu awe ameitumikia katika daraja alilopo kabla hajafikiriwa kwa daraja linalofuata. Muda ndio unaoamua kama jina lako litafika mbele ya kamati. Tange inaanza kufanya kazi baada ya hapo, miongoni mwa wale waliokwisha kutimiza masharti.

Unaweza kujiuliza mtu anawezaje kuwa juu kwenye tange huku amepungukiwa na muda. Chukua watumishi wawili waliopita usaili mmoja. Aliyeongoza kwa alama alicheleweshwa na mwajiri wake wa zamani, akaripoti kituoni 9 Januari. Aliyemfuata aliripoti Desemba, wiki chache kabla. Tange ikipangwa kwa alama, aliyechelewa yuko juu. Lakini kama kanuni inataka miaka mitatu iwe imekamilika ifikapo 1 Januari, yeye amepungukiwa siku nane, na siku hizo nane zitamfanya angoje hadi zoezi la mwaka unaofuata. Hakufanya kosa lolote. Hali kama hiyo hutokea pia pale daraja moja linapojazwa kwa njia mbili, wengine wakiajiriwa moja kwa moja na wengine wakipandishwa kutoka chini, kisha majina yao yakachanganywa kwa uwiano uliowekwa na kanuni.

India imekuwa na kesi nyingi za aina hii. Mwaka 1988 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo iliamua shauri la maofisa wa sekretarieti kuu ya serikali ambao kanuni iliwataka wawe na miaka minane ya utumishi uliotambuliwa rasmi katika daraja lao. Baadhi ya waliokuwa juu kwenye tange hawakuwa wameitimiza, na waliokuwa chini yao walikuwa wameitimiza. Mahakama ilisema kuwa ukubwa kwenye orodha hauwezi kuchukua nafasi ya sifa iliyotajwa na kanuni.

Serikali ya India ilitafuta njia ya kupunguza makali hayo. Mwongozo wake unaruhusu kwamba mdogo, yaani aliye chini kwenye tange, anapofikiriwa kwa kuwa ametimiza muda, mkubwa wake aliye juu naye afikiriwe, alimradi amemaliza kipindi cha majaribio na pengo lake halizidi nusu ya muda unaotakiwa au miaka miwili, kipimo kilicho kidogo ndicho kitumike. Kwa hiyo daraja likitaka miaka mitatu, mkubwa atahitaji angalau mwaka mmoja na nusu. Likitaka minane, atahitaji sita, kwa sababu nusu ya minane ni minne na miwili ni pungufu ya hiyo. Naona ni utaratibu wa kiutu. Lakini hauwi halali kwa huruma ya mkuu wa idara; lazima uwe umeandikwa.

Upande wa pili wa suala hili husahaulika zaidi, na ndiko wengi wanakopoteza haki yao bila kujua. Mtumishi anayeomba uhamisho kwa sababu zake binafsi mara nyingi hupangwa mkiani mwa tange ya kituo kipya. Hapo wapo wanaomwambia kwamba hata miaka yake ya nyuma imefutika. Mwaka 1998 Mahakama ya Juu ya India iliamua kesi ya mtunza stoo wa serikali aliyehamia Cochin kwa maombi yake. Mwajiri alitaka miaka mitatu inayotakiwa kwa cheo cha juu ianze kuhesabiwa tangu siku aliyofika huko. Mahakama ilikataa. Nafasi yake kwenye tange aliipoteza, ndiyo, lakini kazi aliyoifanya kituo cha awali ilibaki kuwa kazi, na ilihesabiwa katika sifa ya kupanda. Majaji walisema wazi kwamba sifa na ukubwa ni vitu viwili tofauti visivyopaswa kuchanganywa.

Linabaki swali la kipi hasa kinahesabiwa kuwa utumishi. Je, ni lazima uwe umekalia kiti kwa mwili wako? Inategemea kanuni inasemaje. Mhandisi mmoja wa serikali ya India alirukwa kimakosa, baadaye akarudishiwa haki kwa kupandishwa kuanzia tarehe ya nyuma. Kanuni ya cheo kilichofuata ilitaka miaka miwili ya "utumishi wa kawaida". Mahakama ya chini ilichukulia kuwa lazima awe ameifanya kazi hiyo mwenyewe. Mwaka 2000 Mahakama ya Juu ilitengua tafsiri hiyo, kwa sababu ingemwadhibu mtu mara ya pili kwa kosa la mwajiri. Nchini Marekani, walioondoka kazini kwenda vitani walilindwa kwa msingi unaofanana: mwaka 1946 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ilifananisha ukubwa kazini na ngazi ya umeme, ikasema mwanajeshi aliyerudi anaipanda tena pale pale ambapo angekuwa kama asingeondoka.

Kukaimu ni habari nyingine. Aliyeshika nafasi kwa muda ili pengo lizibwe, nje ya utaratibu wa kawaida wa uteuzi, kwa kawaida hahesabiwi muda huo, hata kama alibeba mzigo wote wa kazi. Likizo bila malipo nayo hukatwa chini ya kanuni nyingi, na ya masomo huhesabiwa pale tu inaporuhusiwa.

Kwa hiyo kabla hujaandika barua ya malalamiko, soma sharti neno kwa neno. "Miaka mitano katika daraja" na "miaka mitano katika utumishi wa umma" ni masharti tofauti kabisa. Kama umetimiza muda na waliopita wako chini yako, omba nafasi yako kwenye tange iheshimiwe, na uambatishe nakala ya tange hiyo. Kama umeambiwa hujatimiza muda, kuonyesha kwamba uko juu kwenye orodha hakutakusaidia. Ambatisha barua ya ajira, barua ya kupandishwa daraja la sasa na fomu ya kuripoti kituoni, kisha omba uonyeshwe kwa maandishi ni kipindi gani hakikuhesabiwa na kwa kifungu kipi.