Upepo wa Matairi ya Pikipiki Hupimwa Asubuhi

Katika karakana yangu hapa Chake Chake, swali ninaloulizwa kuliko yote halihusu injini wala kabureta. Ni hili: "Fundi, nitie upepo kiasi gani?" Mara nyingi muulizaji huwa ameshalibonyeza tairi kwa kidole gumba na ameshajijibu mwenyewe kwamba liko sawa. Kidole hakipimi upepo. Kinachohisi ni ugumu wa mpira, na tairi jipya lenye kuta nene huonekana gumu hata likiwa limepungukiwa sana, ilhali tairi kuukuu huonekana laini hata likiwa na upepo wake kamili.

Kiasi kinachofaa hakitoki kwangu wala kwa fundi mwingine yeyote. Kimewekwa na mtengenezaji wa pikipiki, na utakikuta katika kibandiko kwenye kifuniko cha mnyororo au karibu na kiti, au katika kitabu cha maelekezo ambacho wengi hukitia kabatini siku ya kwanza na kisionekane tena. Pikipiki ndogo zenye injini ya ujazo wa sisi (cc) 100 hadi 150, ambazo ndizo nyingi katika barabara zetu, huwa karibu na paundi 25 kwa inchi ya mraba mbele, 28 nyuma kwa mtu mmoja, na 32 nyuma ukipakia abiria. Vespa za PX, ambazo wazee wa Unguja hawataki kuachana nazo, zina magurudumu madogo ya inchi 10 na hesabu yake ni nyingine kabisa: takriban 18 mbele, 25 nyuma kwa mtu mmoja, na 36 akipanda wa pili. Kwa hiyo kumuuliza jirani anatia ngapi hakusaidii kitu iwapo chombo chake si kama chako.

Namba inayowapotosha watu zaidi ni ile iliyochongwa kwenye ukuta wa tairi lenyewe. Mwaka jana alinijia mwalimu mmoja akilalamika kwamba pikipiki inamrusha kila tuta na kwamba mgongo unamuuma. Nilipoliinua gurudumu la nyuma nilikuta tairi limelika katikati kama mfereji uliofukiwa, huku meno ya pembeni yakiwa bado mapya, na spoki mbili zimelegea. Nikatia geji, yaani kipimo cha upepo, ikasoma 41.

"Maalim, nani aliyekutilia upepo huu?"

"Nimetia mwenyewe, fundi. Tairi lenyewe limeandikwa 41."

"Limeandika kikomo chake, Maalim. Haja ya pikipiki yako haikuandikwa hapo."

Namba hiyo huonyesha upepo ambao tairi linauhitaji likibeba uzito wake wa mwisho, na tairi hilo hilo linaweza kufungwa katika pikipiki za aina nyingi. Ukilijaza hadi hapo kwa mtu mmoja mwembamba na mkoba wa madaftari, tairi huvimba katikati, sehemu inayogusa lami hupungua, breki hushika kwa eneo dogo, na mtikisiko wote wa barabara hupita moja kwa moja kwenye spoki na kwenye uti wa mgongo.

Sasa nieleze kwa nini nasisitiza asubuhi. Viwango vyote nilivyovitaja ni vya tairi lililopoa, yaani pikipiki iwe imesimama kivulini kwa saa tatu hivi, au iwe haijatembea zaidi ya kilomita moja na nusu. Tairi linapozunguka, kuta zake hujikunja na kujikunjua, na mkunjo huo huzaa joto. Ongeza lami ya saa saba mchana na upepo wa ndani nao unapata moto. Tuseme tairi la nyuma lilikuwa na paundi 32 katika nyuzi 27 za sentigredi alfajiri, kisha likafika nyuzi 57 baada ya safari ya mchana. Kwa hesabu ya gesi, ambayo huanza kwa kujumlisha paundi 14.7 za hewa inayotuzunguka, geji itasoma karibu 37. Hakuna aliyeongeza upepo wala hakuna kilichoharibika, na mtengenezaji alikwisha kulizingatia ongezeko hilo alipopanga kiwango chake.

Kosa hili nalijua kwa sababu nimelifanya mimi mwenyewe. Nilipokuwa bado kijana kazini, mteja mmoja mchukuzi wa samaki alifika kutoka Mkoani adhuhuri, jasho likimtoka na pikipiki ikiwa ya moto. Nikapima nyuma, nikapata 37, nikamwambia umezidi, nikautoa hadi 32 na nikajiona fundi hodari. Tairi lilipopoa usiku ule lilibakiwa na 28 tu. Tyubu nayo hupungua paundi moja au mbili kila mwezi hata isipokuwa na tundu, na yeye hakupima tena. Wiki chache baadaye, akiwa na matenga mawili nyuma, alishika breki kwenye mteremko, tairi likateleza juu ya ringi na kuiburuta tyubu, ambayo ilichanika kwenye shina la vali. Samaki wake waliharibika juani akisubiri usafiri. Alinisamehe, lakini tangu siku ile sitoi upepo katika tairi la moto. Ikibidi kupima mchana, naongeza likiwa limepungua waziwazi, kisha namwambia mwenyewe arudi asubuhi.

Shina la vali, kwa hakika, ni shahidi mzuri. Katika tairi la tyubu linatakiwa lisimame wima likielekea katikati ya gurudumu. Ukiliona limelala upande, jua tairi limeanza kuhama juu ya ringi, na sababu ya kawaida ni upepo mdogo. Ushahidi mwingine humo humo ndani ni tyubu yenye matundu mawili yaliyokaa sambamba, kama meno ya nyoka. Wateja huapa kwamba wamekanyaga misumari miwili. Hawakukanyaga hata mmoja: gurudumu liliingia shimoni likiwa na upepo mdogo, na ringi ikaibana tyubu dhidi ya mdomo wa shimo.

Kuhusu mzigo, kumbuka kwamba abiria na gunia la karafuu hulemea gurudumu la nyuma, ndiyo maana kiwango cha mbele hakibadiliki sana. Mwenye kupakia kila siku atie cha abiria asubuhi, na mwenye kupakia mara moja moja asione uvivu wa kubadilisha. Kupandisha upepo hakuongezi uwezo wa pikipiki kupita uzito ulioruhusiwa. Wale wa mshikaki, wanaopakia abiria zaidi ya mmoja, hujidanganya hapo.

Katika masika wapo wanaopunguza upepo wakidhani tairi litashika zaidi kwenye lami iliyolowa. Ni kinyume. Tairi lenye upepo wake kamili hukata maji na kuyasukuma kupitia mifereji yake, lakini lililolegea hubonyea na huanza kuelea juu ya maji kwa mwendo mdogo zaidi. Kupunguza kuna maana kwenye mchanga mwingi, kama njia za pwani ya mashariki ya Unguja, na hata huko sharti uwe na pampu ya kurudishia kabla hujapanda lami.

Nunua geji yako mwenyewe. Ile ya kwenye mashine ya upepo huangushwa chini kila siku, na nimeona mbili za mtaa mmoja zikitofautiana kwa paundi sita. Yako, hata ikikosea kidogo, itakosea vilevile kila mara, na ukiilinganisha siku moja na geji nzuri utajua kasoro yake. Pima kila wiki. Ukimaliza, tia tone la mate kwenye mdomo wa vali na ulitazame kwa kitambo. Likitoa kipovu, sindano ya ndani haijakaa. Ikaze au uibadilishe, kisha rudisha kifuniko chake, kwa maana ndicho kinachozuia mchanga usiifikie.