Je, Wajua Kwa Nini Shahada ya Miaka Miwili ya Marekani Inaweza Kuisha kwa Mwaka Mmoja?

Ikifika Mei, baadhi ya vyuo vya jamii (community colleges, vyuo vya umma vinavyotoa shahada ya miaka miwili) nchini Marekani huwavisha joho vijana wa miaka 17 au 18 ambao bado hawajamaliza sekondari. Wanatunukiwa shahada ya asosiati, ile inayojulikana kama shahada ya miaka miwili, kisha wanarudi shuleni kwao kungoja mahafali ya kidato cha mwisho. Wala karani hakukosea.

Anayesikia habari hii huegemea upande mmoja kati ya miwili: ama vijana hao wana vipaji vya ajabu, ama chuo chenyewe ni duka la vyeti. Dhana zote mbili zinatokana na kuamini kwamba "miaka miwili" ni sharti. Kinachodaiwa ni krediti, yaani vipimo vya kiasi cha masomo, kwa kawaida 60. Miaka miwili ni matokeo ya kugawanya tu: krediti 15 kwa muhula, mihula minne.

Mgawanyo huo unadanganya upande wa pili pia, ule wa wanaochelewa, na huko ndiko waliko wengi. Mwanafunzi wa kawaida wa chuo cha jamii ana kazi, pengine na watoto, na anachukua kozi mbili tatu kwa muhula. Jijini New York, vyuo vya CUNY, chuo kikuu cha umma cha jiji hilo, vilianzisha mwaka 2007 mpango uitwao ASAP: mwanafunzi asome muda wote, naye apewe mshauri wa karibu, nauli, na msaada wa ada na vitabu. Utafiti uliogawa wanafunzi wa kipato cha chini kwa bahati nasibu, wengi wao wakihitaji kozi za kuziba mapengo ya sekondari, ulikuta kwamba baada ya miaka mitatu asilimia 40 ya waliokuwa kwenye mpango walikuwa wamehitimu, na asilimia 22 tu ya wenzao wasiokuwa kwenye mpango. Yaani mpango uliosifiwa nchi nzima uliwaacha zaidi ya nusu bila shahada ya "miaka miwili" mwishoni mwa mwaka wa tatu. Anayemaliza kwa mwaka mmoja yupo kweli, ila si wa kawaida.

Vyuo vya jamii si vipya. Cha Joliet, Illinois, kilianza 1901. Cha ajabu zaidi ni asili ya krediti yenyewe. Mwaka 1905 tajiri Andrew Carnegie alitoa dola milioni 10 ziwe pensheni za maprofesa. Wasimamizi wa mfuko walihitaji kutenganisha vyuo halisi na sekondari zilizojipachika jina la chuo, wakaweka sharti: wanaojiunga wawe wamesoma kiasi fulani cha masomo ya sekondari, yakipimwa kwa saa. Vyuo vilivyotaka pensheni vikatii, na kuhesabu elimu kwa saa kukapanda hadi vyuoni. Leo krediti 1 ni takriban saa 1 ya darasani na saa 2 za kujisomea kila wiki, kwa wiki kama 15. Hiyo ni saa 45, na shahada nzima ni saa 2,700. Hesabu iliyoanzia kwenye kiinua mgongo cha wazee ndiyo inayoamua kijana atahitimu lini.

Ifikirie krediti kama pishi ya nafaka. Mpokeaji anaangalia imejaa au la. Haulizi kama uliijaza konzi kwa konzi au ulimimina gunia kwa mara moja, wala kama nafaka ni ya msimu huu au uliivuna zamani. Ndiyo maana kozi ya wiki 15 inaweza kubanwa kwa wiki 8, saa zikabaki zilezile. Ndiyo maana kozi za chuo zilizosomwa ukiwa sekondari huhesabiwa. Na ndiyo maana kuna mitihani ya CLEP, iliyoanza 1967: unakaa kama saa moja na nusu, ukipata alama 50 kwenye kipimo cha 20 hadi 80, vyuo vingi vinakuandikia krediti za kozi ambayo hukuihudhuria. Ila mpokeaji ameagiza pishi ya mchele, ya kunde na ya mahindi. Ukimletea mchele mara tatu, kunde bado hana. Krediti za historia zikizidi hazizibi pengo la hisabati, na hapo ndipo wenye haraka wengi hukwama.

Mtu aliyesoma kwa Kifaransa Bukavu au Bujumbura anaweza kuvuna krediti 6 hadi 9 kwa CLEP ya Kifaransa, chuo kikikubali. Kiswahili hakimo katika CLEP. Kuna mtihani wa kuongea wa ACTFL, chama cha Marekani cha walimu wa lugha za kigeni, ambao unakipima, lakini krediti zake hutegemea chuo.

Vyuo vingi pia hudai sehemu ya krediti, mara nyingi 15, isomwe kwao. Na chuo kikuu utakachohamia kina haki ya kukataa krediti za mtihani ambazo chuo cha jamii kilizipokea, kwa hiyo ni cha kuulizwa kwanza.

Bei nayo ina masharti. Kwa mwaka 2024/25 ada ya wastani ya chuo cha jamii kwa mkazi wa eneo ilikuwa dola 4,050, ukilinganisha na 11,610 katika vyuo vikuu vya umma vya jimbo. California hutoza mkazi dola 46 kwa krediti, yaani 2,760 kwa shahada nzima, bila vitabu wala kodi ya chumba. Anayetoka Nairobi au Dar es Salaam si mkazi: krediti ileile mara nyingi humgharimu zaidi ya dola 300. Viza yake ya mwanafunzi, F-1, pia inamtaka asajili angalau krediti 12 kila muhula wa kawaida, na krediti za mitihani hazihesabiwi katika hizo 12.