Pikipiki ya Safari Ikilia Chini ya Miguu: Dhana Potofu na Ukweli

Ingia gereji yoyote ya pikipiki Arusha au Moshi, sema "gia boksi inapiga kelele," na jibu utalipata kabla hujavua helmeti: injini ishushwe, ifunguliwe. Kwa Boxer ya bodaboda hilo halina shida kubwa, spea ziko duka la jirani. Kwa pikipiki kubwa ya safari, iwe BMW GS, Africa Twin au Himalayan, kufungua ni kuagiza gasketi, kutafuta vifaa maalumu na kuiacha pikipiki imelala kona ya gereji huku watu wakiazima nati zake. Kabla ya kufika huko, yafaa kujua kelele inatokea lini hasa. Vijiweni swali hilo haliulizwi.

"Mlio ukitokea chini ya miguu, ni gia boksi tu."

Hii ndiyo dhana inayokula pesa za watu kuliko zote. Sproketi ndogo ya mbele iko papo hapo, nyuma ya kifuniko, na kwa pikipiki nyingi ni upande wa mguu wa kushoto. Cheni iliyokauka au yenye pingili zilizokakamaa hupeleka mtetemo kwenye shafti inayotoka ndani ya gia boksi, kisha kasha la injini linaukuza. Ukiwa juu ya siti huwezi kutofautisha.

Huku kwetu tatizo ni vumbi. Ukirudi kutoka Engaruka au Ziwa Natron, vumbi lile la majivu ya Ol Doinyo Lengai limeshachanganyika na grisi ya cheni na kuwa msasa. Fungua kifuniko cha sproketi uone: tope jeusi, gumu, limejaa hadi linagusa cheni. Likishakwanguliwa kwa bisibisi na cheni kuoshwa kwa mafuta ya taa na kupakwa oili, "gia boksi" nyingi hupona hapo hapo. Tazama na meno ya sproketi. Yakianza kuinama upande mmoja, badilisha seti nzima, maana cheni mpya juu ya sproketi iliyokwisha italia na kuisha upesi.

Kipimo chenyewe ni rahisi. Tafuta barabara tulivu, nenda kilomita 60 kwa saa, sikiliza, kisha shika klachi uiache pikipiki iserereke. Injini ikishuka lakini mlio ukabaki, ukipungua tu kadiri mwendo unavyopungua, mara nyingi chanzo kiko upande wa tairi: cheni, sproketi, beringi za tairi, au difu kama pikipiki ni ya shafti. (Hata tairi zenyewe, zile za vipande vikubwa vya kukanyagia tope, huvuma kwenye lami.) Halafu rudi kwenye mwendo uleule kwa gia tofauti. Mlio unaosikika namba tatu peke yake na kupotea namba nne, huo sasa ni wa ndani. Gia za pikipiki zote huwa zimeshikana muda wote, ila ni jozi moja tu inayobeba mzigo kwa wakati mmoja, kwa hiyo jozi mbovu hujitaja yenyewe.

"Cheni ikikazwa sana kelele inaisha."

Inaisha kwa muda, kisha inakuja ile ya kweli. Pikipiki za safari zina shokapu ndefu, na nyingi hukaza cheni zaidi kadiri mzigo unavyozikandamiza. Fundi akiikaza ikiwa tupu juu ya stendi, halafu wewe ukapanda na abiria na masanduku mawili, cheni inakuwa waya wa gitaa na kuivuta beringi ya shafti ya gia boksi kila tuta. Beringi hiyo ikifa, ndipo injini inafunguliwa kwa haki. Kipimo cha ulegevu kimeandikwa kwenye kibandiko karibu na tairi la nyuma au kwenye kitabu. Kwa pikipiki nyingi ni kati ya milimita 30 na 40, baadhi zaidi, na hupimwa pale cheni inapokaza zaidi tairi likizungushwa.

"Ikigonga 'ko!' ukiingiza namba moja asubuhi, meno yamekatika."

Hapana. Oili ya baridi inazigandisha pleti za klachi, kwa hiyo hata ukishika klachi shafti bado inazunguka kidogo, na gia inapoingia lazima igonge. Asubuhi za Julai pale Arusha, zaidi ya mita 1,300 juu ya bahari, utaisikia vizuri kuliko Moshi. Shika klachi, subiri sekunde chache, ndipo utie namba. Ikigonga kwa nguvu hata injini ikiwa moto, angalia kwanza ulegevu wa waya wa klachi. Na Africa Twin za DCT, zile zinazojibadilishia gia, hutoa mlio mdogo wa kugonga kila gia inapobadilika, ndivyo zilivyoundwa.

"Kelele ikikata ukishika klachi, beringi imekufa."

Inawezekana, ila anza na lililo jepesi. Pikipiki ikiwa imesimama, haina gia, injini inaunguruma taratibu, nyumba ya klachi hucheza kidogo kwenye springi zake na kugongagonga. Ukivuta mafuta kidogo mlio unapotea. Huo unaishi nao miaka. Beringi mbovu haipotei ukivuta mafuta. Inapanda pamoja na injini, mkwaruzo mzito usiokatika. Chukua bisibisi ndefu, ncha iguse kasha la injini, mpini uweke kwenye mfupa ulio mbele ya sikio, uhamishe sehemu moja baada ya nyingine, mbali na cheni na tairi. Pale penye mkwaruzo mkali zaidi ndipo pa kumwonyesha fundi. Mlio ukitokea kinyume chake, yaani unaanza ukishika klachi, beringi ya kuachishia klachi ndiyo ya kushukiwa. Ducati za klachi kavu, yaani isiyokaa ndani ya oili, zinaimba hivyo tangu dukani, msiwasumbue wenyewe.

"Weka oili nzito, itanyamaza."

Itanyamaza, na meno yataendelea kulika kimyakimya. Pikipiki nyingi hutumia oili moja kwa injini, klachi na gia, na meno ya gia huisaga oili hadi inapoteza uzito wake. Ndiyo maana gia huanza kuwa ngumu na zenye kelele oili inapochoka. Kuibadilisha kwa ile ya kipimo cha kitabuni ni matibabu halali. Tafuta alama ya JASO MA au MA2 kwenye chupa, yaani oili inayofaa klachi inayokaa ndani ya oili. Oili za magari zilizotengenezwa kupunguza matumizi ya mafuta zinaweza kuitelezesha klachi: unapanda mlima kutoka Mto wa Mbu kuelekea Karatu, injini inalia juu, pikipiki haisogei.

Muuza spea akikwambia oili ya pikipiki ni moja, mwambie ni aina gani unayo. GS zilizopozwa kwa hewa na oili, kabla ya zile za maji za 2013, zina klachi kavu, na gia zina oili yake mbali na ya injini. Harley-Davidson kubwa nyingi zina sehemu tatu za kumwagia oili. Wengi hubadilisha ya injini tu, wakaisahau ya gia na ya difu kwa miaka.

Unapomwaga, pitisha kidole kwenye sumaku ya nati ya kumwagia oili. Uji wa kijivu laini ni wa kawaida. Vipande vinavyoshikika kwa kucha ni simamisha safari.

"Zamani haikuwa inalia hivi."

Labda ilikuwa, ila upepo uliifunika sauti. Kwenye kilomita 100 kwa saa kelele ya upepo ndani ya helmeti hupita desibeli 90, na ukianza kuvaa vizibo vya masikio upepo unapungua, mngurumo wa chini unajitokeza. Kioo kirefu kipya cha kukinga upepo nacho hukurudishia sauti ya injini usoni. Gia zenye meno yaliyonyooka huimba, zenye meno ya mshazari huimba kidogo. Endelea na vizibo vyako.

"Inaruka gia mara mojamoja, lakini inakwenda."

Kelele nyingi zinavumilika, hii haivumiliki. Namba ikitoka yenyewe ukivuta mafuta, kingo za gia zinazoshikana zimeanza kuviringika au uma unaozisukuma umepinda, na kila ikiruka zinalika zaidi. Ikitoka wakati unashuka kutoka Karatu na mzigo, injini haikushiki tena, unabaki na breki peke yake. Ikianza ukiwa mbali, acha kuitumia namba hiyo, tumia ya juu au ya chini yake, ongeza na kupunguza mafuta taratibu hadi mjini. Hapo ndipo fundi aishushe injini.