Je, wajua kwa nini bunduki ya vita huliwa na kutu hata kwenye ukame wa Dodoma?

Dodoma hupata mvua ya milimita 600 hivi kwa mwaka, na tangu Mei hadi Novemba ni vumbi na upepo tu. Hata hivyo, mabaki ya bunduki za Vita Kuu ya Kwanza, vita vilivyopiganwa Kondoa Mei 1916 na kufika Dodoma mjini Julai, huweza kukutwa mitutu yake imelika hadi ndani.

Mchawi ni chumvi. Risasi za enzi zile zilikuwa na kiwashio kitakoni chenye klorati ya potasiamu. Kikilipuka, huacha mtutuni kloridi ya potasiamu, ndugu wa chumvi ya mezani, nayo hunyonya unyevu wa hewa. Bunduki kongwe zaidi, Mauser za mwaka 1871 ambazo askari wengi wa Wajerumani walikuwa nazo, zilitumia baruti nyeusi yenye moshi mzito, na masizi yake hayana nafuu. Ndiyo maana askari wa Kiingereza mwenye bunduki ya Lee-Enfield alifundishwa kumimina maji ya moto mtutuni kwanza, kisha akaushe na kupaka mafuta. Mafuta hayayeyushi chumvi, maji huyeyusha. Ukiongeza udongo wa chumvi wa upande wa Bahi, chuma kinashambuliwa ndani na nje.

Kutu si ya aina moja. Ile nyekundu inayopukutika kama unga bado inakula chuma. Nyeusi, ngumu, iliyoshikamana, ni tabaka linalokinga, hivyo usiibandue. Ukiona vitone vya majimaji ya rangi ya chai vikichuruzika juu ya chuma, jua chumvi bado imo ndani.

Kabla ya brashi, polisi. Silaha, hata mbovu, inaguswa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na huenda risasi bado imekwama ndani yake. Ukikuta moja shambani, iache palepale ukatoe taarifa.

Kwa wahifadhi wa makumbusho, kazi huanza na brashi laini na kijiti cha mbao. Msasa hapana: unafuta alama iliyogongwa kwenye chuma, kama lile taji la Lee-Enfield, na bila alama hujui tena bunduki ni ya nani. Siki na ndimu nazo hung'arisha haraka, lakini hula chuma kizima pamoja na kutu. Kipande kikiwa bado imara, huchemshwa kwenye maji yasiyo na chumvi. Kutu nyekundu hugeuka nyeusi, ule unga uliolegea ukasuguliwa taratibu, kisha kikakaushwa na kupakwa mafuta.

Kuna wanaoshauri kusafisha kutu kwa magadi ya mboga. Tatizo ni kwamba magadi ya asili huja na chumvi yake mwenyewe, yaani unamrudishia chuma adui uliyetoka kumfukuza.